Risala kwa Mgeni Rasmi: Mkokoteni, Jeki ya Tipa na Maji ya Moto

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa kikundi chetu, mafundi wakuu, wazazi, na nyinyi majirani mliovumilia kelele za grainda mwaka mzima: assalamu alaykum, Bwana asifiwe, na wote hamjambo.

Karibu kwenye karakana yetu ya Kisauni, hapa Mombasa. Tunakushukuru kwa kuvuka Daraja la Nyali saa hizi za msongamano ili uje kutazama vyuma. Tunakuomba radhi kwa harufu ya oili. Sakafu tumeipiga sabuni mara mbili, tukamwaga na unga wa mbao, lakini oili ya mashine ikishaingia kwenye saruji huwa ni mwenyeji.

Mheshimiwa, sisi ni vijana 17, wasichana 5 na wavulana 12. Tulianza tukiwa wanne chini ya mkwaju, na welda ya kuazima. Leo tuna paa, umeme wa tokeni na deni dogo la gesi.

Kazi yetu kubwa ilianzia kivukoni Likoni. Baba wa mmoja wetu ni msukuma mkokoteni. Ukitaka kujua kazi ile ni nini, nenda wakati wa bamvua, siku zile bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji yakiwa yamekupwa. Bahari huku kwetu hushuka zaidi ya mita 3, na feri hushuka nayo. Mteremko wa gati unakuwa mrefu, sehemu ya chini ina utelezi wa mwani, na mzigo unabaki uleule. Watu watatu wanasukuma, wa nne ameshika jiwe la kuzuia gurudumu. Mkokoteni ukirudi nyuma, hakuna breki ila kifua cha mtu.

Basi tukawa na ndoto: njia inayojiendesha kama ile ya viwanja vikubwa vya ndege, mtu anasimama, sakafu inampeleka. Tulisoma, na tukafurahi kugundua kwamba njia ya kwanza ya namna hiyo iliyobeba umma, kwenye maonyesho ya Chicago mwaka 1893, ilijengwa juu ya gati, kuwabeba watu waliokuwa wanashuka kwenye meli. Tukasema hii ni Likoni yetu kabisa! Miaka 7 baadaye, Paris ikajenga ya kwake, kilomita tatu na zaidi kuzunguka maonyesho, ikiwa na sakafu mbili sambamba: moja ya mwendo wa pole, nyingine ya kasi maradufu. Mtu anapanda ya pole kwanza, kisha anahamia ya kasi.

Lakini Mheshimiwa, ndoto hiyo tuliizika wenyewe, na tunaona tulifanya sawa. Mji huohuo wa Paris, mwaka 2002, uliweka njia ya kasi katika kituo cha Montparnasse, ya kilomita 11 kwa saa. Watu wakawa wanaanguka. Wakaipunguza hadi 9, na mwaka 2011 wakaing'oa. Hao ni abiria wenye viatu vya kufunga kamba, ndani ya jengo kavu. Sisi tunazungumzia kandambili, buibui, kanzu, mbuzi aliyefungwa miguu na chumvi ya bahari. Pale mkanda unapoingia chini ya sakafu kuna kitana cha chuma, na kitana hicho hakijui tofauti ya uchafu na upindo wa buibui. Bi mmoja akishikwa pale, hakuna risala itakayotusafisha.

Tukageuza swali. Anayeumia kwenye mteremko ni mkokoteni, si mpita njia. Kwa nini tusivute mkokoteni peke yake, watu wakatembea kando kwa miguu yao? Hapo ndipo ilipotoka reli ile fupi unayoiona nyuma ya karakana, mita 9, mwinuko kama wa gati. Ina kamba ya waya inayozunguka puli juu, na kulabu kila upande. Mkokoteni mmoja ukipanda, mwingine unashuka, na ule unaoshuka unasaidia kuvuta. Wazo si letu. Huko Uingereza, kati ya Lynton na Lynmouth, kuna mabehewa mawili yaliyofungwa pamoja hivyo kwenye mlima tangu mwaka 1890. Wanajaza maji tangi la behewa la juu, linakuwa zito, linashuka na kumpandisha mwenzake. Hayana injini, na mpaka leo yanabeba watu.

Sisi maji ya bure mlimani hatuna, kwa hiyo tulihitaji nguvu ya kuziba tofauti ya uzito. Jaribio la kwanza tulitumia mota ya umeme na mnyororo. Tulipobonyeza swichi, mkokoteni uliruka kama punda aliyechomwa mjeledi. Ulikuwa na madafu ya mtu. Yalimwagika yote barabarani, watoto wa mtaa wakayapokea kwa bidii ambayo shuleni haionekani, na tulilipa kila dafu.

Ndipo fundi wetu mkuu akatuletea jeki ya tipa kutoka kwa wauza vyuma chakavu, pamoja na pampu na mota ya haidroliki, yaani inayozungushwa na oili iliyosukumwa na pampu, iliyokuwa ya foklifti. Siku ya kwanza alitufundisha kwa sindano mbili za plastiki, ndogo na kubwa, zilizounganishwa kwa kimpira na kujazwa maji. Sukuma ndogo kwa kidole gumba, mwenzako ajaribu kuizuia kubwa kwa kiganja. Hawezi. Maji hayakubali kubanwa, kwa hiyo msukumo unasambaa sawa kila mahali, na penye eneo kubwa unakuwa nguvu kubwa. Pascal wa Ufaransa aliyaeleza hayo zaidi ya miaka 350 iliyopita. Kwa jeki yetu hesabu ni hii: pistoni ina upana wa sentimita 5, na oili ikiwa na msukumo wa bar 100, inanyanyua karibu tani 2. Mtu anashika wenzo kwa vidole viwili.

Uzuri wa oili kuliko mnyororo ni upole wake. Unafungua vali kidogo, mkokoteni unaanza kujongea kama jahazi linaloachana na bandari. Gurudumu likikwama, vali ya usalama inafunguka na oili inarudi kwenye tangi, kamba haikatiki. Ubaya wake nao tuuseme. Mwezi wa pili mpira mmoja wa kupitisha oili ulipasuka, na ukuta ule wa kulia mpaka leo una ramani. Tangu hapo ni marufuku mtu kutafuta mvujo kwa mkono. Oili ikitoka kwenye tundu dogo kwa msukumo ule hupenya ngozi kama sindano, kidonda hakionekani kwa nje, na mgonjwa huishia kufanyiwa upasuaji. Sisi tunapitisha kipande cha boksi. Boksi likitoboka, tumepata.

Mheshimiwa, tuliposoma historia ya mashine hizi, kuna jambo moja lilitukaa rohoni. Mwaka 1795 Joseph Bramah wa Uingereza alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, ya mashine ya kugandamiza kwa maji. Tatizo lilikuwa kuvuja: ukikaza sili, yaani kizibo cha kuzuia mvujo kuzunguka pistoni, pistoni inakwama, ukiilegeza, maji yanatoka. Anayetajwa kuwa alilitatua ni fundi wake kijana, Henry Maudslay, kwa kikombe cha ngozi ambacho maji yenyewe yanakisukuma kikaze zaidi kadiri msukumo unavyopanda. Kijana huyo baadaye aliomba nyongeza ya mshahara, akanyimwa, akaondoka. Mashine ikabaki na jina la tajiri. Tutarudi hapo punde.

Oili ilitufundisha jambo jingine bila kuulizwa. Baada ya nusu saa ya kazi, tangi lilikuwa la moto hata halishikiki. Kila msukumo ambao haukunyanyua kitu uligeuka joto, na joto hilo tumelilipia kwenye tokeni. Sasa tumepitisha bomba la shaba ndani ya tangi, maji yanapita humo, oili inapoa na kubaki chini ya nyuzijoto 60 ili sili zisikauke, na maji yanatoka ya vuguvugu. Si ya kunywa. Tunaoshea mikono yenye grisi na sufuria za chakula cha mchana. Baadhi ya hoteli zetu za pwani hufanya kinyume: mashine za kupoza vyumba zinatupa joto nje usiku na mchana, na nyuma ya jengo kuna boila inachoma dizeli kupasha maji ya wageni. Joto lile la nje lingeweza kushikwa, na kuna vifaa vya kazi hiyo.

Mtu atauliza: Mombasa, nani anaoga maji ya moto? Swali hilo huulizwa na wanaume. Mama aliyejifungua anakandwa kwa maji ya moto hadi arubaini yake. Kupasha lita 40 kutoka nyuzi 27 hadi 60 kunakula yuniti 1 na nusu ya umeme. Kwa siku 40 ni yuniti 60. Kwa makaa ni moshi wa siku 40 chumbani mwa mtoto mchanga.

Tulitengeneza hita ya jua: mabomba meusi ndani ya sanduku la mbao, kioo cha dirisha kuukuu juu yake, na pipa la plastiki. Haina pampu. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe kwenye pipa, ya baridi hushuka kuchukua nafasi. Tukaifunga nyumba ya jirani aliyejifungua. Jioni maji yalikuwa moto. Alfajiri, nyanya wa mtoto alitumbukiza mkono, akatutazama, akasema: “Maji yenu yamelala bila blanketi.” Kumbe pipa tuliliweka usawa mmoja na mabomba, na usiku maji yalizunguka kinyume, yakapoteza joto kwenye kioo. Watu wa Marekani walikuwa wameshalijua tatizo la maji kupoa usiku: matangi ya jua ya Clarence Kemp ya mwaka 1891 yalikaa nje na kulala na baridi, hadi William Bailey mwaka 1909 akalitenga tangi na kulifunika. Sisi tuliliinua letu nusu mita, tukalizungushia makumbi na magunia, mabati juu. Nyanya sasa anachanganya na ya baridi.

Adui aliyebaki ni chumvi ya visima. Katika miezi mitatu mabomba yaliziba kwa chokaa. Dawa tuliyoipata ni kuweka maji ya mvua kwenye mabomba ya jua, yakazunguka humohumo, na kupasha ya kisima kupitia koili ndani ya pipa, ambapo kusafisha ni rahisi.

Mheshimiwa, maombi yetu hayana bango. Kulabu ya reli yetu ina kidaka kinachoachia chenyewe kamba ikilegea na kuzuia mkokoteni usirudi nyuma. Msichana mmoja kati yetu alikibuni kwa springi ya mlango wa matatu. Mwezi wa tano mgeni mmoja alikipiga picha. Mwezi wa saba tulikiona mjini kinauzwa. Hatumtaji. Ila sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inaruhusu ubunifu mdogo kama huu kupewa cheti cha miaka 10, nusu ya ile 20 ya hataza, na KIPI, taasisi ya serikali inayosajili hataza, ndiyo inayotoa. Tunaomba utusaidie ada na mtu wa kutuandikia maelezo kitaalamu, na fomu ijazwe kwa jina lake, si la kikundi wala la mfadhili.

La pili ni ruhusa. Tumeomba kuipima gati wakati wa maji kupwa, siku moja tu, kwa futi na timazi. Ofisi tuliyoandikia imetuambia njoo kesho tangu Ramadhani. Barua yako moja ingefupisha hiyo kesho. Na ukibaki na nafasi, geji ya msukumo, kwa sababu tuliyonayo sasa inasoma bar 20 hata mashine ikiwa imezimwa.

Sasa tunakualika nyuma ya karakana. Mkokoteni wa chini una mifuko 4 ya saruji, wa juu una mitatu, kwa hiyo mota itavuta tofauti ya mfuko mmoja na msuguano. Wenzo ni ule mwekundu. Uvute taratibu, na tafadhali usimame upande wa kushoto. Kulia ndiko mpira ulikopasukia.