Barua kwa mwanangu: sinia la mchele

Mwanangu,

Marahaba. Simu yako ya juzi imenikosesha usingizi. Umesema rafiki yako amerudi chuoni kutoka kumzika mama yake, na tangu Jumatatu unamkwepa kwa sababu hujui umwambie nini. Sikukujibu pale pale. Salio lilikuwa linaisha, na jambo lenyewe si la simu.

Mjomba wako unamjua kwa ile picha ya ukutani tu. Alikuwa ndani ya MV Bukoba akija Mwanza, meli ikazama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, safari ikiwa karibu kwisha. Mwili wake hatukuupata. Wengi ambao hawakutambuliwa walizikwa Igoma, na mpaka leo daladala ikipita pale huwa nainamisha kichwa, maana sijui kama yumo au alibaki ziwani.

Watu walijaa nyumbani Kirumba. Wakasema yale yaliyozoeleka: kazi ya Mungu haina makosa, jikaze, usimlize mama yako. Sikuwachukia, ila maneno yalipita tu. Kisha akaja mwenzangu mmoja niliyekuwa naanika naye dagaa. Akavua kandambili mlangoni, akaketi mkekani kando yangu, kimya. Palikuwa na sinia la mchele, mtu kaliacha. Akalivuta, akaanza kuchagua mawe. Punde akalisogeza katikati yetu, nami nikaanza kuchagua. Vidole vilikuwa vinatetemeka, siku mbili sijatia kitu mdomoni. Jiwe la tatu au la nne hivi, nikalia. Hakuninyamazisha. Aliendelea na mchele wake.

Turubai likashushwa, matanga yakaanuliwa, watu wakarudi kwenye shughuli zao. Yeye aliendelea kuja. Siku moja, miezi imepita, akaniuliza, "Hivi kaka yako alikuwa anapenda nini?" Nikamwambia sato wa kuchoma na ubishi wa mpira. Tukacheka mpaka machozi. Wengine wote walikuwa wameacha kumtaja, wakidhani wananisaidia kusahau.

Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila neno. Walipofungua midomo kueleza sababu ndipo walipoharibu (katekista asinisikie, lakini huwa natamani wangerudi makwao siku ya nane). Na Bwana Yesu, aliyejua kabisa kwamba Lazaro anatoka kaburini muda si mrefu, alilia kwanza.

Basi nenda leo. Mpe pole, na kama huna lingine mwambie hivyo hivyo kwamba huna la kusema. Ile ya "ukihitaji kitu niambie" achana nayo, mfiwa haombi. Beba ndoo yake ukamfulie. Mnakilie vipindi alivyokosa. Akikataa kwenda ibada Jumapili usimburute. Wewe nenda ya asubuhi, umwombee, kisha urudi mnywe chai. Na muulize mama yake alikuwa anaitwa nani.

Nimempa kondakta wa basi la kesho alfajiri mifuko miwili: dagaa niliowachambua mwenyewe na sato wa kubanika. Ule wenye kamba nyekundu ni wa mwenzako. Usiufungue.

Mama yako