Mwanangu, kuhusu mwenzako wa dawati moja

Kisauni, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Wiki hii niko zamu ya usiku bandarini. Ukiamka mimi sijarudi, nikiamka wewe uko skuli, na mambo haya siwezi kukuandikia kwa simu kwa sababu najua simu yako husomwa na wenzio wote. Ndiyo maana nimekuachia karatasi.

Mamako ameniambia umenikasirikia. Wasema nimekuaibisha kwa kusimama na wale wazazi wengine njia ya kuendea steji, hata wenzako wakawa wanaulizana kama babako ameingia upolisi. Tena wasema nimemchongea mwenzako kwa mwalimu. Haya, nakujibu yote mawili, halafu nina jambo la kukuomba.

Ile njia waijua kuliko mimi. Kutoka getini hadi steji ya matatu kuna lile jengo ambalo ujenzi wake hauishi, na ubavuni pana banda la muguka, yale majani ya kutafuna. Ikigonga saa kumi, pale huwa wameshakaa wanaume wazima ambao kazi yao haijulikani, na hawakai kwa ajili ya upepo. Mtoto huitwa akanunuliwa chipsi na soda. Siku nyingine hupewa jina, jina la mtu mkubwa, naye hurudi nalo nyumbani akilitamka peke yake akiwa anaoga. Kisha siku moja huambiwa ashike mkoba dakika mbili tu, kwa sababu polisi akipita hamsachi aliyevaa sare ya skuli. Mpaka hapo hajaapishwa, hajaambiwa ajiunge na kitu chochote. Nimezungumza na wazazi ambao watoto wao walikamatwa na mapanga, na hakuna hata mmoja aliyeweza kunitajia siku ambayo mwanawe alijiunga na genge. Walichokumbuka ni chipsi.

Utaniambia, "Baba, ile ni maskani tu." Sikatai. Mimi pia nimekulia barazani, kwa karata na kahawa chungu, na sitaki mtaa ambao vijana hawana pa kukaa. Ila makundi ya huku kwetu hayakushuka kutoka mbinguni. Vijana wa maskani moja waligombana na wa maskani ya pili, wakaanza kubeba vyuma vya kujilinda, kisha wakagundua kwamba mwenye chuma hupewa simu bila kuuliza bei. Disemba 2016, wakati wewe wajifunza kusoma, serikali ilitangaza makundi yapatayo 90 nchi nzima kuwa haramu. Wakali Kwanza na Wakali Wao, majina uliyoyaona yameandikwa kwa rangi ukutani, yalikuwemo. Na iko sheria ya mwaka 2010 ya kuzuia uhalifu wa magenge, ambayo kuwa mwanachama peke yake ni kosa, hata kama hujamgusa mtu. Mahakama haitauliza kama ulipenda chipsi.

Wewe una miaka kumi na sita. Ni umri ule ule wa wavulana wanaopelekwa borstal ya Shimo la Tewa, yaani gereza la vijana, kwani huko huchukua wa miaka kumi na tano hadi kumi na saba, na mtu anaweza kukaa huko miaka mitatu. Najua pia kile kijitabu cha Bandari Maritime Academy, chuo cha mabaharia, unachokiweka chini ya mto. Kila siku nazungumza na mabaharia, na nakuhakikishia kwamba meli nyingi hazimchukui kijana kabla hajaleta cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Alama za vidole zikishachukuliwa kwa kesi, cheti kile hugeuka shughuli ya miaka.

Tena hayo ndiyo mepesi. Siku watu wa mtaa wakishikwa na hasira, mawe hayabagui aliyekata na aliyekuwa amesimama tu. Na usiku polisi wakija, hali ni ile ile. Mashirika ya haki za binadamu, MUHURI na Haki Africa, yameandika habari za vijana wa Pwani waliouawa au waliochukuliwa wasionekane tena, na mama zao mpaka leo wanazunguka na picha. Siandiki haya kukutisha. Naandika kwa sababu nawe wayajua, na ninyi vijana mna tabia ya kuyacheka.

Sasa kuhusu mwenzako. Sikumchongea. Nilimuuliza mwalimu wenu wa darasa, "Yule aliyekuwa akikaa na mwanangu yuko wapi?" Mwalimu akafungua rejista, akafuata mstari wa jina lake kwa kidole, na kidole kikawa kinapita juu ya alama za kutokuwepo moja baada ya nyingine mpaka mwisho wa ukurasa. Sikumlaumu. Darasa lenu lina watoto zaidi ya sitini. Tangu 2018, serikali iliposema kila aliyefanya mtihani wa darasa la nane aende sekondari, madarasa yamefurika, na ni jambo la heri, lakini walimu hawakuongezwa kwa kadiri hiyo. Kazini kwangu, kontena lisilo kwenye orodha halitafutwi na mtu. Laweza kukaa uwanjani mpaka likapata kutu. Mwenzako alitoka kwenye orodha, na sisi sote tukaendelea na shughuli zetu.

Alitokaje? Kwanza alifukuzwa kwa ajili ya karo. Akarudi, akakutwa na nywele ndefu, akapewa barua ya kukaa nyumbani wiki mbili. Mamake anauza samaki Kongowea, hutoka alfajiri. Sasa niambie, kijana wa miaka kumi na sita aliyefungiwa geti la skuli saa tatu asubuhi, nyumbani hakuna mtu, mfukoni hana nauli, ataenda wapi? Alikwenda pale pale ambapo angepita jioni, isipokuwa sasa ana siku nzima. Wale wa jengoni hawahitaji kuvizia watoto ikiwa skuli yenyewe inawapelekea.

Hilo ndilo nililolisema kwenye mkutano wa wazazi, na ndilo lililowafanya wengine waninunie. Bodi ilikuwa imetuita kuzungumza kuhusu magenge. Mzee mmoja akataka kiboko kirudi. Akakumbushwa kwamba kimeharamishwa tangu 2001, akasema ndiyo maana nchi imeharibika. Mwingine akapendekeza wavulana wote wa kidato cha pili na cha tatu wapakiwe basi wapelekwe gerezani Shimo la Tewa wakaone mambo, waogope. Watu wakapiga makofi. Hapo mwalimu wenu wa ushauri nasaha, yule mama mpole mnayemtania, akasimama akatueleza kwamba Wamarekani walilijaribu hilo zamani, miaka ya 1970, katika gereza la Rahway, New Jersey. Watoto waliingizwa ndani wakapigiwa kelele na wafungwa wa kifungo cha maisha. Watafiti walipokuja kuwalinganisha watoto waliopelekwa kwenye ziara za namna hiyo na wasiopelekwa, wakakuta waliopelekwa ndio waliofanya makosa zaidi. Ukumbi ukatulia. Binafsi sikushangaa sana, maana kijana akishamwona mfungwa ana misuli na wenzake wanamwogopa, huenda asione kile tunachotaka akione.

Hata wale vijana walioacha, ambao huletwa skuli kutoa ushuhuda, mimi nina wasiwasi nao. Si kwamba nawadharau, wengine ni watu wa kweli kabisa. Lakini nimewahi kumsikiliza mmoja: dakika arubaini akisimulia alivyokuwa akiogopwa kutoka Mlaleo hadi Bombolulu, dakika tano za toba. Wavulana nyuma walikumbuka zile arubaini. Ningependa zaidi kijana kama huyo aajiriwe awe kocha wenu, aonekane kila jioni na filimbi shingoni, kuliko apewe kipaza sauti siku moja.

Tulichokubaliana mwisho ni vitu vidogo, utacheka. Rejista ikiitwa asubuhi, jina lisiloitika hupigiwa simu nyumbani kabla ya saa tatu. Kama mzazi hashiki, kuna mzazi mwingine wa mtaa huo huo ambaye amejitolea kwenda kubisha hodi. Uwanja hautafungwa tena saa kumi. Utakuwa wazi mpaka magharibi ikikaribia, na walimu wawili na mzazi mmoja wa zamu. Ustadhi wa madrasa naye ameomba apewe majina ya watoto waliokosa skuli, kwa sababu anayekosa kote kuwili ndiye wa kutafutwa mwanzo. Na lile nililolipigania mpaka sauti ikakauka: hakuna mtoto atakayetolewa nje ya geti kabla mzazi hajaja. Mwenye kosa atatumikia adhabu yake ndani ya ua, maktabani au shambani, lakini ndani. La karo bado tunavutana. Mhasibu ana hoja yake, skuli haiwezi kupika maharagwe kwa huruma. Lakini malipo ya kidogo kidogo yamekubaliwa kwa wenye kuandika makubaliano.

Kwa hiyo kule kusimama njiani ni zamu yangu tu. Hatushiki rungu, hatumkamati mtu. Tunasimama, tunawaamkia wale mabwana wa jengoni kwa majina yao, maana wengine ni watoto wa majirani tuliowabeba mgongoni, na tunawasalimu nanyi mkipita. Mmoja wao ameanza kuona haya kunitazama. Kama hiyo ni aibu yako, vumilia.

Kuna jambo lingine, nami nalisema mara moja. Mamako alipofagia chumba aliviona viatu vyeupe chini ya kitanda. Sisi hatukuvinunua. Inawezekana umeazima, inawezekana umebadilishana na mtu kwa kitu chako. Kama ulipewa, nataka unieleze umepewa na nani na amekuomba nini. Na kama umeshawahi kushika mkoba wa mtu, hata mara moja, hata hukuufungua, niambie wewe kabla sijaambiwa na mwingine. Sitakupiga wala sitapandisha sauti. Tutakwenda wawili kwa mwalimu wa ushauri, na viatu nitavirudisha mimi kwa mkono wangu. Deni la watu wale likilipwa mapema ni viatu tu. Likikaa, hulipwa kwa kazi.

Sasa ombi langu. Mimi nikienda kwa mwenzako ataniona mzazi wa fulana ya zamu. Mwalimu akienda, ataruka ukuta. Wewe mlikaa dawati moja tangu Kidato cha Kwanza, ukimwazima kalamu naye akikuonyesha hesabu, atakusikiliza. Usimfuate jengoni, hilo nakukataza. Ijumaa ukitoka msikitini nenda kwao, mamake huwa amesharudi kutoka sokoni saa hizo, kaa ukumbini umngoje. Mamako atakupa kanda la mahamri uende nalo, usiingie kwa watu mikono mitupu.

Mwambie hivi. Ile barua ya wiki mbili imekwisha muda wake, hakuna atakayemuuliza. Nywele, kinyozi wa pale karibu na msikiti ni mzazi wa skuli yenu, amesema atamnyoa bure, kesho au Jumapili. Karo, mamake aje aandike makubaliano, alipe anachoweza mwezi huu; kitakachopungua kwa mwanzo tumeshachanga wazazi kadhaa, na hilo la kuchanga usimwambie yeye, mwambie mamake faraghani. Mwalimu wa hesabu ameniuliza habari zake mara mbili, na hili mwambie kwa sauti, kwa sababu nadhani hajui kwamba kuna mtu aliyemuulizia.

Jumatatu nitatoka bandarini saa kumi na mbili asubuhi, nitapanda matatu moja kwa moja mpaka skuli. Saa moja na robo nitakuwa getini pamoja na naibu mwalimu mkuu. Njoo naye. Akiwa hataki kuvaa sare kwa sababu suruali imekuwa fupi, mpe ile yako ya kijivu ya akiba, mamako ameshaipiga pasi.

Ni mimi babako.