Kabla ya kuulaumu ukuta, hesabu sekunde

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wako wa michezo kuhusu makala yake juu ya Caleb Williams, kwotabeki wa timu ya futiboli ya Marekani ya Chicago Bears. Anasema kijana huyo aliteseka msimu wa 2024 kwa sababu ya ukuta mbovu uliokuwa mbele yake, ukuta ukabadilishwa, mambo yakanyooka, basi kesi imekwisha. Mimi naona kesi haijaisha. Kwa jinsi makala ilivyoandikwa, wale watano wanaomkinga kwotabeki wamebebeshwa mzigo ambao sehemu yake kubwa si yao.

Niseme mapema kwamba nina upande. Mwanangu anacheza takli wa kushoto kwenye timu ya shule yake hapa Texas, na mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini ukikaa jukwaani Ijumaa usiku ukamtazama mtoto wako badala ya kuufuata mpira, unaona mambo ambayo kamera ya televisheni haikuonyeshi.

Kwa wasomaji waliozoea soka, nieleze kidogo. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kutoka kwa senta kila jaribio la kushambulia linapoanza, kisha anaamua amkabidhi nani au amrushie nani. Mbele yake wanasimama watano, ndio huo ukuta: senta katikati, gadi wawili ubavuni mwake, na takli wawili kwenye kingo. Kazi yao ni kuzuia. Wapinzani wakipenya na kumwangusha kwotabeki mpira ungali mkononi, timu inapoteza yadi na tukio linaingia kwenye takwimu. Takwimu hiyo moja ndiyo watu wanayoikimbilia kila pasi zinapokwama.

Williams aliangushwa mara 68 katika mechi 17 za msimu ule. Ni makwotabeki wachache sana katika historia ya NFL, ligi kuu ya mchezo huu, waliowahi kufika hapo. Tarehe 10 Novemba, tena nyumbani, New England Patriots walimwangusha mara 9 na Chicago wakalala 19–3. Siku mbili baadaye kocha wa ushambuliaji, Shane Waldron, akafutwa kazi. Mwezi huohuo, siku ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Wamarekani, Bears wakiwa Detroit na nyuma kwa pointi 3, Williams aliangushwa zikiwa zimebaki kama sekunde 30. Walikuwa bado na haki ya kusimamisha saa mara moja. Hawakuitumia. Saa ikatembea, wachezaji wakahangaika kujipanga, mpira wa mwisho ukarushwa mbali na kuanguka chini, mechi ikaisha 23–20. Kesho yake kocha mkuu, Matt Eberflus, akaachishwa kazi. Aliyepitwa katika tukio lile ana kosa lake, sikatai. Lakini zile sekunde zilizopotea baada ya hapo hazikupotezwa na ukuta.

Mwandishi wako anasisitiza kwamba mwaka 2025 Bears walimleta Joe Thuney kutoka Kansas City, Jonah Jackson kutoka Los Angeles Rams na senta Drew Dalman kutoka Atlanta, na kwamba msimu huo Williams hakuangushwa hata nusu ya zile mara 68. Ni kweli. Ila mwaka huohuo alikuja pia kocha mpya, Ben Johnson, aliyekuwa akiongoza ushambuliaji wa Detroit, akaja na mipango yake ya pasi. Na Williams mwenyewe alikuwa ameingia mwaka wa pili. Ukibadilisha watatu wa ukuta, ukabadilisha kocha, na kwotabeki naye akakomaa, kisha ukasema ni ukuta ndio uliotibu ugonjwa, umejuaje? Chicago haiwezi kutupa jibu.

Denver inaweza kutusogeza karibu na jibu. Msimu wa 2023 Denver Broncos walikuwa na Russell Wilson, bingwa wa zamani wa Super Bowl, yaani fainali ya NFL, chini ya kocha Sean Payton. Wilson alianza mechi 15 na akaangushwa mara 45. Ukuta wake ulikuwa Garett Bolles, Ben Powers, Lloyd Cushenberry, Quinn Meinerz na Mike McGlinchey. Wilson akaachwa, Cushenberry akaondoka, na nafasi ya senta akaichukua Luke Wattenberg. Wengine wanne ni walewale, na Payton ni yuleyule. Akaja kwotabeki kijana kutoka Chuo Kikuu cha Oregon, Bo Nix, hajawahi kucheza hata mechi moja ya NFL. Akacheza mechi zote 17 za 2024 na kuangushwa mara 24.

Sitaki kumwonea Wilson. Mwaka ule wa 2023 alitoa pasi 26 za tachidauni, zile zinazofika eneo la kufungia, na pasi zake zikanaswa na wapinzani mara 8 tu, na mtu anayesubiri pasi ndefu ifunguke lazima akae na mpira. Hiyo ndiyo bei ya mchezo wake, na kwa miaka mingi akiwa Seattle ilikuwa bei inayolipika. Lakini bei hiyo ni ya nani? Ukuta uliozuia vizuri kwa kijana mgeni haukuwa mbovu miezi michache nyuma.

Sasa nieleze yanayotokea pale chini. Kabla mpira haujaanza, kwotabeki na senta wanaelewana yupi kati ya walinzi wa katikati wa wapinzani ndiye wa kuhesabia, na ukuta uegemee upande gani. Watano wanazuia watano. Beki wa nyuma, yule mwenzao ambaye kwa kawaida hukabidhiwa mpira akimbie nao, akibaki kusaidia, wanazuia sita. Wapinzani wakimleta mmoja zaidi ya hapo, huyo wa ziada hana mtu wa kumzuia, na kila mmoja uwanjani anajua hivyo. Huyo ni wa kwotabeki. Anapaswa kumwona mapema na kuutoa mpira kabla hajafikiwa. Asipomwona, ataangushwa, na jukwaani watu watauliza gadi alikuwa wapi. Gadi alikuwa na mtu wake, ameshamkamata.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi kwa sababu nimeliona kwa macho yangu. Takli hafundishwi kumsimamisha mkimbiaji wa pembeni, yule mpinzani anayekuja mbio kutoka ukingoni kumfuata kwotabeki, kama ukuta wa saruji, hilo haliwezekani. Anafundishwa kumsukuma azunguke mbali, apitie nyuma ya pale kwotabeki anapotakiwa kusimama. Kwotabeki akikaa mahali pake, au akipiga hatua moja mbele, yule mkimbiaji anapita mgongoni kwake bila madhara. Msimu uliopita mwanangu alifanya hivyohivyo: mikono kifuani kwa mpinzani, miguu haiachi kutembea, akamzungusha hadi nyuma. Kwotabeki wake akaogopa kelele, akarudi nyuma hatua tatu, akakutana naye uso kwa uso. Akaangushwa. Nilisikia namba ya jezi ya mwanangu ikitajwa kwa matusi na watu wazima. Kocha wake, kwa haki kabisa, hakumgusa yeye siku ya kutazama picha za mechi, alimwita kwotabeki. Na yule kijana alijirekebisha, mechi zilizofuata alikuwa akisogea mbele.

Na muda. Katika NFL mpira hukaa mkononi mwa kwotabeki, kwa wastani, chini kidogo ya sekunde 3. Mtu akiangushwa kabla ya sekunde 2 na nusu, mara nyingi ukuta umevunjika. Akiangushwa baada ya sekunde 4, binadamu wa kilo 140 amekwisha kuzuia mpaka amechoka, na wapokeaji wote wameshamaliza njia zao. Dan Marino wa Miami aliangushwa mara 6 tu mwaka 1988, katika msimu ambao alirusha pasi 606. Alikuwa na watu wazuri mbele yake, lakini pia mpira ulikuwa hauchelewi kwenye mkono wake, na waliomkaba wote walijua hilo.

Je, basi ukuta hauna hatia kamwe? Sivyo, na hapa nakubaliana na mwandishi wako kuliko anavyodhani. Houston Texans walipoanza kucheza mwaka 2002 walimchukua kwotabeki David Carr wa kwanza kabisa kati ya chipukizi wote. Ili apate ulinzi walikuwa wameshamchagua Tony Boselli, takli wa kushoto aliyevuma akiwa Jacksonville. Boselli alikuwa na mabega mabovu na hakuwahi kucheza hata mechi moja ya Houston. Carr akaangushwa mara 76 msimu ule, rekodi ya NFL. Mwaka 2005 tena, mara 68. Waliomwangalia wakati ule wanakumbuka jinsi alivyobadilika: badala ya kuwatazama wapokeaji wake, macho yakaanza kushuka, kuwatafuta wanaokuja kumpiga. Kwotabeki akifika hapo, hata ukimpa ukuta mzuri atakimbia hatari isiyokuwepo. Kosa lilianzia kwa waliomkinga, likahamia kwake, na mwishoni huwezi tena kulitenganisha. Hili ndilo nililotarajia kulisoma kuhusu Williams: je, zile mara 68 zimemwachia nini? Makala haikuligusa.

Tena hesabu yenyewe ya kuangushwa inadanganya. Fainali ya Super Bowl ya Februari 2021, kwotabeki wa Kansas City, Patrick Mahomes, aliingia uwanjani bila takli wake wote wawili, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, waliokuwa majeruhi. Kitabuni imeandikwa aliangushwa mara 3 tu. Aliyetazama mechi ile anajua Mahomes alikimbia usiku mzima kama mtu anayefukuzwa, akirusha mpira huku mwili ukianguka, na Kansas City wakafungwa na Tampa Bay 31–9 bila tachidauni hata moja. Ukuta ulikuwa umebomoka na takwimu haikulia. Kinyume chake, Januari 2022 Joe Burrow wa Cincinnati aliangushwa mara 9 na Tennessee, akashinda 19–16. Wiki tatu baadaye kwenye Super Bowl Rams walimwangusha mara 7, na mpira wake wa mwisho ulimtoka huku Aaron Donald akiwa ameshamshika. Pale sina ubishi: Donald aliwashinda waliopewa kazi ya kumzuia, na ingekuwa kumwonea Burrow kusema alichelewa.

Ninachoomba ni hiki, Mhariri. Mwandishi wako akirudi kwenye mada hii, atueleze mpira ulikaa mkononi sekunde ngapi, walikuja watu wangapi, na aliyefika alikuwa wa nani kumzuia. Si kazi ya siri. Picha za juu zinazoonyesha wachezaji wote 22 zinauzwa na NFL yenyewe kwa shabiki yeyote. Na katika makala nzima ya kuulaumu ukuta wa Chicago wa 2024 sikuona jina hata moja la waliocheza humo, isipokuwa la kwotabeki waliyekuwa wakimkinga. Wakosoe, lakini wataje kwa majina, siku wanapopitwa na siku wanapozuia.

Wako,
Mzazi wa mchezaji
Texas, Marekani