Bambo la Baba Limefika Trieste

Trieste, Italia
Jumapili, 17 Novemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na Mama shikamoo, maana najua barua hii utaisoma kwa sauti pale barazani naye atakuwa jikoni anasikiliza kila neno.

Ujumbe wako wa ada ya shule ya Muga ulinifikia Jumatano, nimesimama mbele ya bango langu na watu wamenizunguka wananiuliza maswali. Sikujibu. Si kupuuza, Baba. Usiku wa kuamkia siku hiyo Koku alikuwa amenipigia akanieleza ile habari ya kahawa, nikaona nikijibu na moto ule kifuani nitakuvunjia heshima. Sasa warsha imekwisha, treni yangu ni kesho, nimekaa dirishani naandika taratibu.

Nianze na lililo jema. Mwanao amesimama mbele ya wanatakwimu wa kutoka Pakistani, Brazili, Sudani, Vietnam na kwingineko, na akasikilizwa. Tulikuwa pale kwenye kituo alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964, yule Mpakistani aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979. Alikiweka ili watu wa nchi kama zetu wapate mahali pa kusoma na kukutana na wenzao, halafu warudi makwao wasiishie kupotelea Ulaya. Mwaka huu kimetimiza miaka 60. Picha yake ipo ukutani, na kila nilipoipita nilijiona kama nimedaiwa kitu.

Mada yangu ilikuwa jinsi ya kukadiria mavuno ya kata nzima kwa kupima mashamba machache. Nilitayarisha milinganyo kwa miezi minne kule Hasselt, Ubelgiji. Lakini siku yenyewe mzee mmoja, profesa, akaniuliza: mkulima wa kwenu atakuamini vipi? Hapo nikaiacha milinganyo, nikachora gunia ubaoni, nikachora na bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia. Nikawaeleza jinsi mnunuzi anavyolichoma gunia akatoa punje kiganjani, na jinsi wewe ulivyogombana na yule mpimaji wa mwaka ule kwa sababu alichoma juu tu, palipolowana mvua, akakukata bei ya gunia zima. Ulimwambia, “Choma na chini, choma na ubavuni, na wewe usichague pa kuchoma.” Baba, hayo maneno yako ndiyo somo lenyewe la sampuli nasibu. Ukichagua watu 1,000 kwa bahati nasibu, kadirio lako la asilimia mara nyingi halitakosea zaidi ya kama pointi 3 juu au chini, iwe nchi ina watu milioni 6 au milioni 61 kama sisi tulivyohesabiwa 2022. Ukichagua kwa kupendelea, hata uulize laki moja umepotea. Siku zote zilizobaki nilikuwa nasikia watu kwenye chakula wakisema “bambo”, Mbrazili na Msudani, kama neno lao. Nimefurahi mpaka nikashindwa kulala.

Tena hii ndiyo Trieste, mji wa kahawa. Ilifanywa bandari huru mwaka 1719, na hadi leo meli zinashusha hapa kahawa mbichi ya dunia nzima. Kahawa ndogo nyeusi wanaiita nero, ikitiwa maziwa kidogo ni capo, na wakikutilia kwenye glasi ni capo in b. Nilikunywa nimesimama kwenye kaunta kama wenyeji, nikalipa euro 1 na senti 40 kwa mafunda matatu. Nilikiangalia kile kikombe muda mrefu. Siku ya mwisho nikatoa ile akamwani, kahawa ya kutafuna, ya Shangazi aliyonifungia kwenye ganda la mgomba, nikawapa wenzangu watafune, kwamba kwetu mgeni anapokelewa hivi. Waliipenda, isipokuwa binti mmoja aliyeitema kwa adabu.

Alhamisi upepo ulivuma. Wanauita bora, Baba, hivyohivyo kama bora yetu. Unashuka kutoka uwanda wa Karst, na ukichachamaa unapita kilomita 150 kwa saa. Zamani walifunga kamba mitaani watu washikilie. Baridi ipo, lakini koti ninalo, msinifikirie.

Jumamosi tulitembea kwa miguu hadi kasri la Miramare, jeupe, limesimama juu ya mwamba baharini. Alilijenga Maximilian, mdogo wake mfalme wa Austria. Mkewe Charlotte alikuwa binti wa mfalme wa Wabelgiji, dada yake Leopold wa Pili, ndiyo, huyohuyo wa Kongo. Mwaka 1864 wakaondoka hapo kwenda kutawala Meksiko. Mwaka 1867 mume akapigwa risasi huko. Mke akarukwa na akili, akaishi hivyo miaka sitini mpaka alipofia Ubelgiji mwaka 1927. Chumba cha kulala cha yule bwana kimetengenezwa kama kile cha melini, kwenye manowari yake Novara, na ni meli hiyohiyo iliyomrudisha akiwa kwenye jeneza. Sikukaa humo. Unajua sisi na meli tangu MV Bukoba ilipozama 1996. Wenyeji wanasema anayelala kwenye kasri lile hufia ugenini. Nilitoka nje nikaiangalia ile bahari, nikataka ziwa letu, nikataka kusikia mtu yeyote akiniita Kemi.

Sasa hili la kahawa.

Kaka Rwega ameuza kwa butura. Kahawa iko maua, bado hata kijani haijawa, naye ameshapokea pesa ya pikipiki. Na ni mwaka huu, ambao bei imepanda kuliko wakati wowote ninaoukumbuka! Baba, mwaka juzi nilihesabu mibuni 412, nikapiga kura nikapata 40, nikapima mavuno yake na Koku akiandika. Mlinicheka. Daftari lile ninalo, najua kibanja kile, shamba letu la kahawa, kinatoa nini. Aliyempa Kaka pesa naye anajua. Kaka peke yake ndiye hajui, kwa sababu hajawahi kuuliza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mlikaa kikao nikaambiwa baada. Ada ikifika mimi ni mtoto wa nyumba hii. Kibanja kikizungumzwa nakuwa mtu wa kuolewa. Wewe mwenyewe ndiye uliyetusimulia kesi ya Holaria ya mwaka 1990, yule mwanamke aliyeuza shamba la ukoo na jaji akasema ana haki kama mwanamume, ukasema jaji alisema haki. Nilikuwa mdogo lakini sikusahau. Sitaki kugawiwa shamba, Baba. Nataka niulizwe.

Ada ya Muga nitailipa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule kabla ya Krismasi, pamoja na sare na godoro. Usimwambie mtu kiasi. Deni la butura sitaligusa mpaka Kaka anipigie mwenyewe aniambie alichukua ngapi na aliahidi magunia mangapi. Mavuno ni Mei. Tukianza sasa inawezekana kumrudishia yule mtu pesa yake na kahawa ikaenda chama cha msingi kwa jina lako. Mwambie simtukani. Mwambie ndiye aliyenifundisha kupanda mti wa kahawa bila kuvunja tawi, na sijasahau hilo pia.

Koku anasema senene zimeanza kuanguka, na taa za barabarani zimejaa watu na ndoo. Hapo nililia kidogo. Mtoto wa mwalimu anakuja Brussels katikati ya Desemba. Mama anikaangie kilo moja, azikaushe vizuri, chumvi asizidishe, na amfungie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana.

Ni mimi binti yako,
Kemi