Hata midoli ya Kariakoo imebanwa pini

Mhariri habari za kazi. Mi ni fundi cherehani hapa Dar, mwaka wa 19 huu nawapima wanawake wenzangu, naomba kanafasi kadogo maana nimechoka. Zamani mteja akija tunapiga stori za watoto na bei ya mchele, siku hizi kabla sijakunjua tepu ashaanza kuniomba msamaha, oh fundi samahani kitambi hiki, oh hipsi zenyewe sina, sijui utanifichaje hapa. Msamaha wa nini jamani? Mi nachukua vipimo tu, sisahihishi mtihani.

Alafu inatoka simu, nishonee kama huyu. Huyo huyu kiuno kama shingo ya chupa, filta imepita, ndani kavaa kigodoro (nishashonea watu sponji ndani ya sketi, sijifichi). Na ile midoli ya Kariakoo yenye makalio ya kuweka kikombe cha chai, siku ukipita zunguka nyuma uangalie, gauni limebanwa pini kuanzia mgongoni mpaka chini, yaani hata mdoli mwenyewe nguo haijamkaa! Mafundi tunajua ila tunakausha, biashara.

Kilichonifanya niandike ni mteja wangu mmoja mama wa watoto watatu, anacheza mchezo wa kuchangiana hela na wenzie ili zamu yake ikifika aende Uturuki kunyonywa mafuta ya tumboni yahamishiwe nyuma. Mwaka 2017 madaktari wa fani hiyohiyo walikadiria operesheni 1 kati ya 3,000 inaua, mafuta yakipenya kwenye mshipa mkubwa yanakimbilia mapafuni, na 2018 chama cha wapasuaji wa urembo Uingereza kikawashauri wanachama wake waache kwanza kuifanya. Nikamweleza, akacheka, eti fundi kila mtu na siku yake.

Sasa kabla ya kufika huko alianza na vidonge vya kuongeza shepu, akaharisha wiki nzima na shepu ikapungua. Nikamuuliza ulivitoa wapi, akasema kaona tangazo gazetini, ukurasa unaofuata baada ya daktari kuonya kuhusu mkorogo wenye zebaki kwamba unaua figo. Silitaji gazeti. Ila mhariri, hela ya tangazo mkishapokea huwa kuna mtu anauliza hiyo dawa ina nini ndani?

Fundi, Temeke