Iafoni za kipimo au hedifoni: unachonunua kwanza ni mzibo

Wateja wengi hutuuliza kama iafoni za kipimo, zile zinazotengenezwa kwa kufuata umbo la sikio la mtu mmoja, zina sauti nzuri kuliko hedifoni kubwa za daraja la juu. Kama unasikilizia chumbani, kumetulia na hakuna anayekusemesha, jibu letu ni hapana. Hedifoni nzuri za mgongo wazi, zile ambazo nyuma ya vikombe vyake hapajazibwa, zitakupa sauti pana zaidi, na siku ukizichoka utamuuzia mwingine. Iafoni za kipimo hazina soko la mtumba la maana, kwa sababu gamba lake limefuata tundu la sikio lako wewe. Ni kama suruali ya kushonesha: fundi ameshona kiuno chako, si cha jirani.

Faida yake inaonekana mahali pengine: penye kelele, penye mwendo, na kwenye kazi ya saa nyingi. Na faida hiyo inaanzia kwenye jambo moja, nalo ni mzibo, yaani jinsi iafoni inavyoziba tundu la sikio bila kuacha upenyo.

Besi ya iafoni inatokana na hewa kidogo iliyofungiwa kati ya draiva, yaani spika ndogo iliyo ndani yake, na kiwambo cha sikio. Draiva ikisukuma, hewa ile haina pa kutokea, hivyo shinikizo lote linafika kwenye kiwambo. Acha upenyo mdogo tu ukutani mwa tundu la sikio, shinikizo litavuja, na cha kwanza kuondoka ni besi. Sauti za kati na za juu hubaki karibu vilevile, ndiyo maana mtu hudhani iafoni zake "zimetengenezwa bila besi". Kuna jaribio la nusu dakika: cheza mlio mzito wa Hz 50, kisha bonyeza iafoni taratibu kwa kidole. Besi ikijaa ghafla, iafoni ni nzima, mzibo ndio mbovu.

Upenyo huohuo unaotoa besi nje ndio unaoingiza kelele ndani, na hapa ndipo afya ya masikio inapoingia. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, imeweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda unapungua nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni dakika 30, na 100 ni dakika 15 tu. Sasa mchukue mpiga dramu. Kelele kwenye masikio yake inaweza kupita desibeli 100 kwa urahisi. Akivaa hedifoni za mgongo wazi, ambazo hazizuii kitu, lazima apandishe muziki juu ya kelele hiyo, na kikomo chake cha siku kinakwisha kabla ya nyimbo nne. Akivaa iafoni zilizoziba vizuri na kukata desibeli 25, kelele ya nje ya 100 inamfikia ikiwa 75, na anaweza kusikiliza kwa 85 akasikia kila kitu. Si bahati kwamba moja ya iafoni za kipimo za mwanzo kabisa za jukwaani alitengenezewa mpiga dramu: mwaka 1995 fundi mitambo wa sauti Jerry Harvey alimtengenezea Alex Van Halen wa bendi ya Van Halen, kwa sababu spika za jukwaani zilikuwa zikishindana na dramu, na aliyeumia katika ushindani huo ni sikio.

Lakini tusidanganyane. Iafoni za kawaida zenye vipira vya sponji, au vile vya silikoni vya ngazi tatu vinavyoingia ndani kabisa, zinaweza kuzuia kelele sawa na za kipimo za akriliki, na pengine kuzidi. Sponji linajitanua na kufuata sikio, akriliki ni plastiki ngumu. Mtu anayekwambia ununue za kipimo kwa sababu tu "zinazuia kelele zaidi" hajakupa sababu ya kweli. Sababu ya kweli ni kwamba za kipimo zinakaa palepale. Kipira kinateleza ukitokwa jasho, ukiimba, ukigeuza shingo. Na kila kikisogea, kina chake sikioni kinabadilika. Tundu la sikio lina urefu wa takriban milimita 25, na umbali kati ya ncha ya iafoni na kiwambo ndio unaoamua ni sauti zipi za juu zitakazokuzwa zaidi. Milimita 2 au 3 tu zinatosha kufanya matoazi yale yale yawe makali jana na ya kawaida leo. Gamba la kipimo linarudi mahali pamoja kila siku, na fundi mitambo anayepanga sauti ya bendi anahitaji hilo kuliko kitu kingine chochote.

Aina nyingine kila moja ina kazi yake. Za mgongo wazi, mfano Sennheiser HD 600 iliyotoka mwaka 1997, zinaipa sauti nafasi ya kugonga sikio la nje kabla ya kuingia ndani, na ubongo umezoea kuusoma mguso huo. Ndiyo maana muziki unaonekana kuwa mbele yako au pembeni badala ya katikati ya kichwa. Iafoni yoyote, hata iwe ghali namna gani, inaruka sikio la nje. Mafundi hufidia kwa kuongeza nguvu karibu na kHz 3, pale ambapo tundu lililo wazi hukuza sauti lenyewe, lakini ule upana haurudi wote. Za mgongo uliofungwa ni nzuri kwa kurekodi, maana mlio hauvuji kwenda kwenye maiki, ila huleta joto na mkono wa miwani huzifungua mzibo. Zile za kufuta kelele kwa umeme zinafanya vizuri kwenye ngurumo ya kudumu kama injini ya ndege, ila si kwa dramu inayogongwa ghafla. Na zikiwa za Bluetooth, usizipeleke jukwaani. Sauti inachelewa, kwa mifumo ya kawaida hata milisekunde 150 au zaidi, na mwimbaji anayejisikia amechelewa hivyo ataimba nje ya mdundo.

Chapa ya sikio

Ukiamua kuchukua za kipimo, ubora wake unaamuliwa kabla kiwanda hakijagusa chochote. Unaamuliwa kwenye kiti, dakika kumi na tano hivi, wakati chapa ya sikio, yaani nakala ya silikoni ya umbo la tundu lako, inachukuliwa. Tunalisisitiza hili kuliko idadi ya draiva, kwa sababu chapa mbaya huzaa gamba baya, na draiva kumi ndani ya gamba linalovuja hushindwa na iafoni rahisi iliyoziba.

Anayechukua chapa aangalie kwanza ndani ya sikio kwa otoskopu, kifaa chenye taa cha kuchungulia sikio. Nta ikiwa nyingi, kazi isimame; isafishwe na mtaalamu wa afya, kisha urudi baada ya siku chache. Mwenye kiwambo kilichotoboka, uvimbe, usaha, au aliyefanyiwa upasuaji wa sikio aanze kwa daktari. Kisha kipande kidogo cha sponji chenye uzi kinasukumwa hadi kupita kona ya pili ya tundu la sikio. Kazi yake ni kulinda kiwambo, na pia kuilazimisha silikoni ijae vizuri nyuma yake. Kona hiyo ya pili ndiyo mpaka muhimu: chapa ikiishia kabla yake, mtengenezaji hana pa kushikia, na gamba litakuwa fupi, litachomoka.

Halafu kinywa. Unang'ata kizuizi kinachoacha meno wazi kama sentimita 2 hadi 2.5, na hung'atui hadi mwisho. Ukifungua taya, mfupa wake unasogea mbele na tundu la sikio linapanuka. Mwimbaji aliyepimwa mdomo ukiwa umefungwa atapata gamba linaloziba vizuri akinyamaza, na kuvuja kila anapofungua mdomo kwa noti ndefu. Wapiga zarumbeta na saksafoni wana taya ya aina yao; wamweleze anayepima mapema, wachukuliwe chapa wakiwa wameweka mdomo kama wanapopiga.

Silikoni ya sehemu mbili inachanganywa kwa vipimo sawa, inaingizwa kwa bomba, na ncha ya bomba inabaki imezama ndani ya silikoni muda wote. Ikitoka na kurudi, inaacha mapovu ya hewa. Inajazwa tundu lote na bakuli la sikio la nje. Unasubiri kama dakika 5 bila kuongea, bila kutabasamu. Ikishakauka, unachezesha taya kidogo kuvunja mvuto wa hewa, kisha inatolewa polepole kwa kuzungushwa.

Usiondoke kabla ya kuishika chapa mkononi na kuikagua. Kona mbili zionekane wazi. Ncha ivuke kona ya pili kwa milimita kadhaa. Uso uwe laini, usiwe na shimo, mfereji wala mkunjo. Masikio yako mawili hayafanani, hivyo usishtuke chapa ya kulia ikiwa nono kuliko ya kushoto. Ukiona kasoro, omba irudiwe hapohapo. Dakika kumi za kurudia zinaokoa wiki za kusubiri gamba jipya. Na vifaa vya kujipima mwenyewe nyumbani hatuvipendekezi kamwe, kwa sababu huwezi kuona umefikisha sponji wapi, na silikoni iliyopita sponji ikagusa kiwambo ni kazi ya hospitali kuitoa.

Draiva, ohm na simu yako

Wingi wa draiva si kipimo cha ubora. Draiva nyingi ndogo zinagawana kazi, nyingine besi, nyingine sauti za juu, na kinachozipatanisha ni mgawanyo wa masafa ndani ya gamba, yaani saketi inayopeleka sauti nzito na nyembamba kwa draiva zake. Ukipangwa vibaya, draiva nane zinapingana. Draiva moja ya koili iliyopangwa kwa uangalifu inaweza kusikika vizuri kuliko hizo. Chagua kwa masikio, kwa kujaribu toleo la vipira la modeli ileile, ukijua la kipimo litatofautiana kidogo kwenye besi na sauti za juu.

Angalia pia unachochomekea. HD 600 tuliyoitaja ina ukinzani wa umeme wa ohm 300 na inataka volti za kutosha. Kwenye simu itasikika chini. Iafoni za kipimo zina tatizo la upande wa pili: zina ohm chache, mara nyingi 16 hadi 32, na zinasikia kila kitu, pamoja na ule mlio wa "shhh" wa amplifaya yenyewe. Zenye draiva nyingi, ohm zake hupanda na kushuka kulingana na masafa. Kwa hiyo ukizichomeka kwenye tundu la mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) lenye ohm 20 au zaidi, sauti inabadilika rangi: masafa mengine yanafifia, mengine yanajitokeza. Kanuni tunayofuata ni kwamba ohm za chanzo ziwe chini ya moja ya nane ya ohm za iafoni. Kwa iafoni ya ohm 16, chanzo kisizidi ohm 2.

Zikishafika mkononi

Usiziingize kwa kusukuma moja kwa moja kama za vipira. Shika gamba, ncha ielekee tundu huku sehemu ya juu imeinamia mbele, ingiza, kisha zungusha kuelekea nyuma hadi likae. Siku za kwanza utahisi sikio limejaa. Hilo ni la kawaida. Kisicho cha kawaida ni maumivu ya sehemu moja yanayorudi kila siku, au wekundu unaobaki. Piga picha ya wekundu huo na uutume pamoja na iafoni. Mtengenezaji ataona pa kupunguza. Usilisugue gamba kwa msasa mwenyewe, ukiondoa nusu milimita mahali pasipostahili mzibo hautarudi.

Kama besi imepungua upande mmoja, paka jeli ya maji kidogo sana kuzunguka gamba, mbali na matundu ya sauti, uvae tena. Besi ikirudi, gamba linavuja na linahitaji kujazwa. Isiporudi, badilisha waya: wa kulia uende kushoto. Tatizo likihama pamoja na waya, waya ndio mbovu. Likibaki kwenye gamba lilelile, angalia matundu ya sauti kwa mwanga. Mara nyingi ni nta. Itoe kwa kitanzi kidogo cha waya, matundu yakiangalia chini ili uchafu udondoke badala ya kuingia, na usipulize wala usitie spiriti mle ndani. Baada ya kazi yenye jasho, zifute na ziweke kwenye kikasha chenye kikaushio.

Kuna kosa moja linalowahangaisha watu baada ya kubadilisha waya wa pini mbili: pande zote zinacheza, kelele haiingii, lakini besi ni nyembamba na sauti ya mwimbaji haikai katikati. Hapo pini za upande mmoja zimeingizwa kinyume, draiva moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Chomoa taratibu upande mmoja, ugeuze pini, urudishe.

Na usivae upande mmoja tu ili umsikie mwenzako jukwaani. Sikio lililo wazi linapokea kelele yote, na lililofungwa linataka kupandishiwa sauti desibeli kadhaa kufidia lile lililopotea, kwa hiyo yote mawili yanaumia kwa wakati mmoja. Mwombe fundi mitambo aweke maiki ya kuchukua sauti ya ukumbi na kuichanganya kidogo kwenye iafoni zako zote mbili.