Umri wa mtoto uulizwe kituoni, si siku ya hukumu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi, wenyeviti wa mitaa na askari wa ukanda huu wa ziwa. Mtoto anapokamatwa, kinachoamua hatima yake mara nyingi si kosa lenyewe, ni tarakimu mbili za umri kwenye hati ya mashitaka.

Hati hiyo huanza na jina, kabila, umri, kazi, dini na makazi. Kijana aliyekamatwa usiku mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, mrefu, viganja vimekomaa kwa kuvuta nyavu za dagaa, hukadiriwa kwa macho na kuandikwa miaka 19. Wengine hujiongezea wenyewe, kwa kuwa tajiri wa mtumbwi aliwaelekeza waseme ni watu wazima. Tangu hapo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakuwa kama haipo kwake. Sheria hiyo inataka aliye chini ya miaka 18 asichanganywe na watu wazima mahabusu, shauri lake lisikilizwe faragha, afisa ustawi wa jamii akiwepo, na asipewe kifungo cha jela kabisa. Aliye chini ya miaka 10 hashitakiwi kwa jinai, na wa chini ya 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alijua anachotenda ni kosa.

Dhamana nayo inaanzia kituoni. Kama mtoto hawezi kufikishwa mahakamani mara moja, mkuu wa kituo anatakiwa kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kwa kosa la kuua, kosa ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka saba, au kama kumwachia kutamdhuru au kutaharibu haki. Kwa hiyo mzazi aulize mapema: mwanangu anashitakiwa kwa kosa gani hasa? Kuvunja nyumba adhabu yake inapita miaka saba. Kuchukua ndoo ya dagaa iliyoachwa kwenye chanja si kuvunja nyumba, na isiandikwe hivyo.

Ushahidi wa umri ndipo familia nyingi hukwama. Cheti cha kuzaliwa ndicho bora. Kisipokuwepo, itafutwe kadi ya kliniki yenye tarehe za chanjo, rejista ya darasa la kwanza au cheti cha ubatizo. Barua ya mtendaji inasaidia kuonyesha makazi kwa ajili ya dhamana, lakini mtendaji hakuwepo mtoto akizaliwa. Vijana wengi wa Ukerewe na Kome wametoka mikoa mingine na karatasi zimebaki kwa bibi. Picha ya kadi kwa simu inaweza kumfanya askari afikiri upya, ila mahakamani ipelekwe kadi yenyewe. Kipimo cha daktari kwa meno na mifupa ya kifundo cha mkono kinakubalika, lakini kinatoa makadirio, na kijana wa miaka 17 anaweza kusomeka 19. Kipimo kisitangulie kama karatasi zinaweza kupatikana.

Hoja ya umri itolewe siku ya kwanza mbele ya hakimu, kwa sauti, na mzazi ahakikishe imeandikwa kwenye mwenendo wa shauri. Kifungu cha 113 cha Sheria ya Mtoto kinaitaka mahakama ichunguze umri wa anayeonekana kuwa mtoto. Ikiibuliwa wakati wa hukumu, mashahidi wameshasikilizwa hadharani na kijana ameshakaa miezi na watu wazima. Hakuna amri inayorudisha miezi hiyo.

Umri ukikubalika, linabaki suala la taarifa ya ustawi wa jamii. Afisa hueleza nyumbani kukoje, mtoto aliacha shule kwa nini, nani anaweza kumsimamia. Bila taarifa hiyo hakimu hana cha kupimia kati ya kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi na kumpeleka shule ya maadilisho, yaani ya kurekebisha watoto waliotenda makosa, ya Irambo, kule Mbeya, mbali na kila ndugu yake. Lakini afisa hafiki kisiwani kwa miguu. Nauli ya boti ikikosekana, shauri huahirishwa na mtoto hungoja.

Naziomba halmashauri zetu za kandokando ya ziwa zitenge fungu la usafiri wa maafisa hawa kwa mashauri ya watoto tu, na kila kituo kibandike ukutani namba ya afisa wa zamu, apigiwe kabla hati haijaandikwa.

Msaidizi wa kisheria,
Ilemela, Mwanza